Karatasi Tatu za Kinu

Mume wangu aliuza kitu kisichokuwa chake, na mimi ndiye niliyekosa usingizi. Yeye alilala fofofo. Watu wenye hesabu kichwani hulala vizuri. Sisi tunaolala kando yao ndio tunaosikia panya.

Tulikuwa tunakaa Dilala, hapa Kolwezi, katika nyumba za matofali za kampuni ya migodi. Mume wangu alikuwa karani katika ofisi ya mauzo ya shaba. Miaka ile kampuni ilikuwa inakufa machoni petu. Kwanza walikata mgao wa unga, halafu mishahara ikaanza kuchelewa, na hata ilipokuja ilikuwa kazi bure, maana noti ya asubuhi haikununua jioni ilichonunua asubuhi. Ndipo watu wa mtaa wetu wakachanga, wakanunua kinu cha umeme cha kusagia mahindi na kukiweka katika banda nyuma ya parokia. Kila aliyechanga alipewa karatasi ngumu yenye muhuri, hisa yake katika kinu. Sisi tuliiita aksio, kwa Kifaransa chetu. Mwisho wa mwezi mwenye aksio alipewa unga, akapimiwa kwa meka, kile kikopo cha bati ambacho akina mama wa sokoni wanapimia kila kitu.

Jinsi tulivyokipenda kile kinu, mtu wa nje angecheka. Kila kitu kingine kilikuwa cha kampuni: nyumba, hospitali, shule, hata bomba la maji. Kinu kilikuwa chetu. Watu walikuwa wakipita pale wanakisalimia. Mkanda wake ulipokatika, nilimwona mzee mmoja wa kwaya anafuta machozi, na hakuwa amefiwa.

Karatasi zile hazikuandikwa jina la mtu. Kilichofanya mauzo yawe mauzo ni bukari, ugali wetu. Jumapili, baada ya misa, muuzaji na mnunuzi walikuwa wakinawa katika beseni moja mbele ya wenzao wenye aksio. Kisha muuzaji alikata tonge la kwanza la unga uliosagwa palepale na kumpa mnunuzi. Mkishakula, imekwisha, hakuna wa kusema baadaye aliibiwa. Lakini mauzo yenyewe yalikuwa adimu. Miezi ilipita bila mtu kuuza hata moja, na siku mmoja akiuza, bei yake ndiyo ilikuwa bei ya wote mpaka atokee mwingine.

Kulikuwa na desturi nyingine pia, ya kuazimana. Kijana akienda kuposa, alipita kwa ndugu na majirani kuomba karatasi, akazipange mbele ya wakwe waone kwamba si mtu wa mikono mitupu. Tuliziazimana kama watu wanavyoazimana viti vya harusi. Kumuuliza mtu anazitaka za nini ilikuwa aibu. Zetu wenyewe zilikuwa zimekwenda Likasi kwa shemeji yangu, ambaye posa yake ilikuwa haiishi.

Basi siku moja mume wangu alikuja na karatasi tatu za jirani yetu. Niliuliza nani anaoa tena. Akacheka, akafunga mlango.

"Kule ku buro," akaniambia, "banauza cuivre, shaba yenye ingali chini ya udongo. Banauza leo, banatoa kesho. Mi nitauza hizi sasa, bei iko juu. Ikianguka nitanunua zingine tatu, nitamurudishia tata, baba ya jirani. Yenye itabakia ni yetu."

"Na ikipanda?"

"Itapanda na nini? Kinu inaishi na mushahara ya batu, na mushahara inakufa. Ngoja mavuno, utaona. Batafungia nayo karanga."

Nilimwambia kwamba cha mtu ni mavi, hata mtoto anajua. Akanijibu kwamba nimesoma shule ya masista, siwezi kuelewa biashara. Hapo nilinyamaza, si kwa sababu alinishinda, bali kwa sababu nilitaka kumrushia sufuria na lilikuwa na maharage.

Alimuuzia mfanyabiashara mmoja wa Fungurume, Mwislamu ambaye watu wake walitoka upande wa Maniema, mwenye lori la mahindi. Bei ilikuwa mfuko mmoja wa unga, uliosagwa palepale kinuni, kwa kila karatasi. Wakanawa, wakala bukari na sombe, kisamvu chetu, mbele ya watu wote. Jirani yetu mwenyewe alikuwa pale, shahidi. Alidhani mume wangu anauza zetu. Alipiga makofi karatasi zake mwenyewe zilipokuwa zinatoka mkononi mwa mume wangu, na aliponipita akaninong'oneza, "Mama, mwambie bwana yako asiogope. Kinu haitakufa." Nilitamani ardhi ipasuke.

Mifuko mitatu tuliiweka chumbani, chini ya shuka. Mume wangu alisema haiguswi, ni ya kununulia karatasi za kurudisha. Mshahara haukuja mwezi ule, wala uliofuata. Niliwalaza watoto na uji mwepesi kama maji ya kuoshea mchele, huku mifuko mitatu ya unga imesimama kando ya kitanda changu. Usiku nilikuwa nikinyoosha mkono gizani kuigusa. Sijui nilitaka kuhakikisha ipo au nilitaka isiwepo.

Na bei haikuanguka. Ilipanda! Noti zilivyozidi kuoza, watu walizidi kukikumbatia kinu. Mwanamke mmoja aliyefiwa na mumewe aliuza karatasi moja kwa mfuko na nusu, kisha hakuuza mtu tena. Mume wangu akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, anauliza kiaina kama kuna mwenye kuuza. Wakamjibu, "Mutu anauza mama yake?" Kilichoniua ni hiki: kadiri alivyouliza, ndivyo walivyozidi kuzishika. Wakasema karani wa ofisi kubwa haulizi bure, kuna kitu amekisikia. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anaipandisha bei iliyokuwa inamnyonga. Alituma ujumbe Fungurume. Yule mwenye lori akajibu kwamba zile karatasi ameziweka sandukuni kwa ajili ya wajukuu.

Sasa naye akaanza kukosa usingizi. Tulilala macho wote wawili, na panya wakapumzika.

Jirani yetu hakuwahi kuziulizia. Hilo lilinitesa kuliko kama angekuja kupiga kelele. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana ya kampuni, mtu wa utani. Babake alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli, lakini yeye alizaliwa hapahapa. Mkewe na mimi tulichota maji bomba moja. Nikimwona anakuja na ndoo, najiambia: leo ataziulizia. Yeye ananiuliza habari za kikohozi cha mtoto.

Halafu siasa zikaingia mtaani. Wakubwa walisimama kwenye mikutano wakasema shida yetu yote imeletwa na watu wa Kasai, warudi kwao. Maneno yale yalianzia mbali, Likasi na kwingineko, nasi tukajidanganya kwamba Kolwezi tunajuana. Tulikuwa tunajuana kweli. Ndiyo maana waliotupa mawe walijua dirisha lipi ni la nani.

Mke wa jirani alinijia mchana mmoja, kichwani amejifunga kanga mbili, moja juu ya nyingine, maana alichokivaa hakiwezi kuporwa njiani.

"Mama, tunaenda ku gare. Tutalala mu masomo, kule karibu, mupaka treni ikuje." Masomo kwa maneno yetu ni shule. "Tata anasema: zile karatasi yetu, bwana yako akizimaliza, atuletee."

"Zinakuja," nikamwambia.

"Anasema ni yenye itabakia ya kuonyesha kama tulikuwa na kitu hapa."

Jioni ile mume wangu alirudi na habari za soko. Waliokuwa wanaondoka walikuwa wanataka kuuza, karatasi kwa meka moja, hata kwa kibaba cha chumvi. Lakini banda la kinu lilikuwa limefungwa, na vijana wenye fimbo walikuwa wanazunguka wakisema asionekane mtu anakula na hao.

Nikamwambia, "Basi, ulikisia vizuri. Bei imeanguka. Furahi."

Aliketi juu ya mfuko mmojawapo, akajishika kichwa. "Mi sikutaka ianguke namna hii."

"Hakuna aliyekuuliza unataka ianguke namna gani."

Sikumwonea huruma, na sitadanganya leo kwamba nilimwonea. Niliona hofu tu: treni itakuja, yule mtu atapanda akiwa mikono mitupu, na sisi tutabaki na unga wake chumbani mpaka tufe. Treni haikuwa na saa. Kila filimbi ya kiwandani ilinishtua.

Asubuhi yake mume wangu alikwenda kule shuleni kwa kujiiba. Alimpata mama wa mikate, mjane aliyekuwa akikaanga maandazi mlangoni mwa parokia, naye alikuwa na karatasi tatu kamili. Akarudi mikono mitupu.

"Anakataa?"

"Hakatai. Anataka bukari."

"Nini?"

"Anasema bila bukari hauzi. Anasema, 'Banatufukuza sawa bezi, mi sitauza sawa mwizi.'"

Nilimpenda yule mama papo hapo, na papo hapo nikamchukia, maana nilijua ni nani atakayeibeba hiyo bukari. Nilifungua mfuko mmoja. Nilisonga bukari kubwa kuliko ya msiba, nikachemsha samaki wakavu wachache waliokuwepo, nikafunika kwa kitambaa, nikajitwika. Mume wangu alinifuata nyuma na unga katika kapu. Kichwa kilikuwa kinaungua.

Langoni pa shule vijana watatu walinisimamisha.

"Mama, chakula ya nani?"

"Ninakwenda kununua aksio."

"Kununua na chakula?"

Hofu yangu ikageuka hasira, na hasira yangu ina mdomo. "We unazaliwa wapi, haujui namna banauzaka aksio? Uliza mama yako, si eko na mbili? Alikula bukari yangu mimi siku ya kuzinunua, alafu leo mutoto yake ananiuliza!"

Sikujua kama mama yake alikuwa na mbili au hana hata moja. Yule kijana alitazama chini, akatazama wenzake, akasogeza fimbo.

Ndani ya darasa watu walikuwa wamejaa mpaka chini ya ubao, na vyungu, magodoro, watoto wanaokohoa. Mama wa mikate alikaa juu ya kifurushi chake, amenyooka kama yuko kanisani. Akatazama bukari, akaigusa kwa kidole.

"Ni ya kinu yetu?"

"Ya kinu yetu."

"Bien. Ndio sasa tutafute bashahidi, batu ya aksio." Akainua kichwa, akaita kwa sauti kuelekea pembe ya pili ya darasa, "Tata! Weye na mama! Mukuje mushuhudie!"

Na waliosimama kule pembeni na kuja kwetu, wakiruka vifurushi vya watu, walikuwa jirani yetu na mkewe.

Mume wangu alinitazama. Sijamwona tena na uso ule, hata siku ya kumzika mama yake. Lakini beseni lilikuwa limekwisha kuja, na maji ni maji. Akanawa. Mama wa mikate akanawa. Mume wangu akasema bei: mfuko kwa kila karatasi. Ilikuwa bei aliyouzia yeye, na watu waliokaa karibu walishtuka.

"Mufuko nitaweka wapi?" akasema yule mama. "Mu wagon batu banasimama mutu juu ya mutu. Nipe meka moja kwa karatasi, ndio nitaweza kubeba. Ingine utaibeba weye."

"Mama, nitalipa yote."

"Utailipa kwa nani?"

Mume wangu akampimia meka tatu kutoka kapuni. Mama wa mikate akakata tonge, akampa. Mume wangu alilitafuna kwa muda mrefu sana. Jirani yetu alishuhudia, akala tonge lake, mkewe akala lake, nami nikala langu. Kisha mume wangu akachukua zile karatasi tatu, akageuka palepale mbele ya wote, akamnyooshea jirani yetu kwa mikono miwili.

"Tata, karatasi yako."

Jirani alizipokea. Alizigeuza moja moja. Mkewe ndiye aliyesema, taratibu, kana kwamba anaomba radhi, "Yetu ilikuwa na alama ya mawese."

Basi mume wangu akasema. Alisema yote, amesimama, unga umeganda vidoleni: aliziazima, akaziuza kwa mtu wa Fungurume, akingojea bei ishuke. Hakuongeza sababu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi, kwa laana, kwa vilio. Jirani yetu alimtazama, halafu akaniangalia mimi, halafu karatasi.

"Uliuza bei gani?"

"Mufuko moja moja."

"Mufuko!" Akapiga paja. "Na mi nilipiga makofi! Tata, ungeniambia! Ungeniambia, na mi ningeuza!"

Akacheka. Alicheka mpaka mama wa mikate naye akaanza kucheka, na watu wasiojua habari wakacheka kwa kuwaona wanacheka. Mke wa jirani alicheka pia mwanzoni. Alipoanza kulia, sikuona kicheko kilipogeuka.

Nilitaka kuwaletea mifuko yote. Jirani alikataa: treni inabeba watu, haibebi mifuko, na watu wa njiani wataipora. Alichukua unga uliojaa chungu kimoja cha mkewe. Tulikusudia kurudi na mwingine kesho yake, lakini kabla hatujatoka nyumbani tulisikia treni inalia, na tulipofika shuleni darasa lilikuwa na majivu tu na kiatu kimoja cha mtoto.

Unga uliobaki tuliula. Ndio uliotuvusha mpaka mavuno. Ulikuwa mtamu, na hilo liliniudhi kila siku.

Kinu chenyewe hakikudumu. Waliojua kukitengeneza walikuwa wameondoka, mota ikauzwa, banda likaanguka. Karatasi zetu hazikurudi kutoka Likasi. Pale banda liliposimama wachimbaji wameingia chini kutafuta kobalti, na sasa kuna shimo. Parokia yenyewe ina ufa. Mume wangu alizeeka kabla ya siku zake. Akisikia watu wanazungumza bei ya kitu chochote, hata nyanya, alikuwa anatoka nje.

Miaka mingi baadaye mwanamke kijana alishuka kwenye pikipiki mlangoni petu, akaniita mama kwa sauti niliyoijua, ya mama yake. Alikuwa binti wa jirani yetu. Walipoondoka alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Alikuwa amekutana na kijana wa hapa Kolwezi huko alikosoma, na wazazi wa kijana walikuwa wanataka kuleta mahari. Babake alikuwa hai, ila miguu imemkataa, hawezi safari.

Akafungua mkoba, akatoa bahasha, na ndani ya bahasha zile karatasi tatu. Akamtafuta mume wangu kwa macho, akampigia goti, akampa.

"Tata anasema, siku ya kupokea mahari, weye ndio utaikala mu kiti yake. Anasema uweke hizi ku meza, babone kama tuko na kitu hapa." Akasita, na nikamwona anajizuia kucheka. "Na anasema tena: mara hii, kama unataka kuuza, umwambie mbele, na yeye auze."

Mume wangu alizishika kwa mikono miwili kama alivyozitoa siku ile. Tangu siku hiyo mpaka siku ya mahari alizivaa mfukoni mwa shati, hata kisimani, na akaanza tena kunikosesha usingizi, maana alikuwa anaamka kuzipapasa.

Siku ile alikaa kwenye kiti, akazipanga mezani. Wajomba wa bwana harusi walikuwa vijana, hawakuwahi kukiona kinu. Mmoja alichukua karatasi, akaigeuza, akauliza, "Tata, ni nini hii? Unaiuzisha?"

"Hapana," mume wangu akasema. "Si yangu. Baliniazima."

Akaipokea, akaipanga tena pamoja na zile mbili, na sisi tukaletewa maji ya kunawa.